Mfereji wa zege au bustani ya mvua? Kila upande una mvua yake kichwani

Mji mdogo unapoanza kujaa paa na lami, hufika wakati lazima uamue: maji ya mvua yatolewe haraka yaende zake, au yazuiwe yazame palepale yalipoangukia? Mainjinia wa barabara kwa kawaida huchagua la kwanza, watu wa mazingira la pili, na vikao huisha watu wakiwa wamenuniana. Kwa maoni yangu, ugomvi mwingi unatokana na kutosemwa waziwazi ni mvua gani inayojadiliwa.

Anayetetea mfereji anaiwaza mvua kubwa, ile ya mara moja kwa miaka kadhaa inayoingia sebuleni. Hoja yake ina uzito. Paa la mita za mraba 1,000 likinyeshewa milimita 25 tu linamwaga lita 25,000. Zidisha kwa mtaa mzima, ongeza barabara na maegesho, na maji hayo yote yanataka njia kwa muda mfupi. Isitoshe, mfereji hauna siri. Ukiziba unaonekana, na mtu yeyote mwenye koleo anajua la kufanya.

Ila mfereji hausafishi kitu, unasafirisha tu. Shaba ya vumbi la breki, zinki ya matairi na mabati, mafuta ya injini, mbolea, kinyesi cha wanyama, vyote vinafikishwa mtoni bila kupungua. Na mvua inayochafua mto si lazima iwe kubwa: manyunyu ya kwanza baada ya ukame mrefu yanaweza kukomba uchafu wa wiki nzima. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walitangaza wamegundua kilichokuwa kikiwaua samaki wa samoni aina ya coho waliporudi kuzaa kwenye vijito vya mjini. Ni 6PPD-kwinoni, kemikali inayozaliwa pale kinga inayotiwa kwenye matairi inapokutana na ozoni hewani. Hapakuwa na kiwanda kilichofungulia bomba usiku. Ni magari ya watu wa kawaida, na mvua.

Hapo ndipo upande wa pili unaposimama na bustani za mvua, yaani mabonde madogo yaliyopandwa mimea ili maji yakae na kuzama, pamoja na mitaro ya nyasi na lami inayopitisha maji. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 unaoegemea njia hizi, na China ikaanzisha miji ya majaribio iliyoitwa miji sponji, yaani miji inayonyonya maji kama sponji. Bustani iliyojengwa vizuri hudaka milimita 20 hadi 25 za mwanzo, na sehemu nyingi duniani mvua nyingi za mwaka hazivuki kiwango hicho. Udongo wake huzuia tope na sehemu kubwa ya metali.

Kisha ikaja Julai 2021. Zhengzhou, mji wa China uliokuwa umewekeza katika usponji huo, ulipigwa na milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Watu wengi walikufa, wakiwamo abiria waliokwama kwenye treni ya chini ya ardhi. Wapinzani wa bustani wakapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Nadhani hukumu hiyo ni ya uonevu, maana mvua ya namna ile ingeshinda mifereji ya karibu mji wowote. Lakini wa kulaumiwa pia ni waliokuwa wameinadi bustani kana kwamba ni dawa ya mafuriko. Haikuwahi kuwa hivyo.

Udhaifu wa kweli wa bustani hizi ni wa kila siku, na hauandikwi magazetini. Tazama pale ukingo wa barabara ulipokatwa ili maji yaingie. Msimu mmoja tu, mchanga na majani hujenga tuta la sentimita chache mlangoni. Maji yanafika, yanagonga, yanapinda, yanaendelea na safari yake barabarani. Ndani bustani ni kavu, na kwa mbali inapendeza kabisa. Lami inayopitisha maji nayo huziba vitundu isipofyonzwa kwa mashine maalumu, ambayo mji mdogo hauna. Na penye udongo wa mfinyanzi maji hayazami kirahisi, na karibu na visima kuzamisha maji machafu ni kuhamisha tatizo kutoka mahali linapoonekana hadi mahali lisipoonekana.

Kwa hiyo mji wenye fedha kidogo ningeushauri usianze na zege wala maua. Uanze kwa kukagua midomo ya mabomba siku za jua. Kama haijanyesha kwa siku tatu na bomba la maji ya mvua bado linatiririka, huenda yakawa maji ya ardhini yaliyopenya, lakini mara nyingi kuna nyumba au karakana iliyounganisha maji taka mahali pasipotakiwa. Kanuni za Marekani za mwaka 1999, zilizoigusa miji midogo, zilifanya msako huo kuwa moja ya wajibu sita. Unahitaji miguu, ramani na ubishi kidogo. Baada ya hapo, kila jengo jipya lidake milimita zake 25 za mwanzo, na mfereji ubaki na kazi unayoiweza, yaani kupisha maji makubwa.

Nani alipe? Ujerumani imezoea kutoza ada ya maji ya mvua kwa ukubwa wa eneo lililofunikwa na paa au lami, na mimi naona ndiyo haki: ghala lenye paa pana hutumia maji kidogo ya bomba lakini humwaga mengi mtaani. Wanaopinga wanasema ni kodi nyingine iliyovalishwa jina jipya. Jimbo la Maryland, Marekani, lilizilazimisha kaunti zake kubwa kutoza ada hiyo mwaka 2012, wapinzani wakaiita kodi ya mvua, na mwaka 2015 ulazima huo ukafutwa. Hasira ile ingekuwa rahisi kuipuuza kama isingekuwa na swali gumu ndani yake. Mara nyingi mwenye lami nyingi kuliko wote mjini ni halmashauri yenyewe, na barabara zake ndizo zenye magari. Ikijisamehe ada hiyo, mwenye duka akigoma kulipa sijui atajibiwa nini.