Laptopu mpya ikiwa nzito usikimbilie kupiga Windows

Mdogo wangu wa kike kanunua laptopu Kariakoo, mpya kabisa, boksi halijafunguliwa, hela kajichanga miezi kibao maana anaanza chuo. Usiku huohuo ananipigia, "Kaka, hii mashine mbona nzito hivi, alafu nimeiwashia hotspoti ya simu bando langu la wiki limekata na sijafanya chochote." Kesho yake alikuwa anaipeleka kwa fundi akapigiwe Windows upya. Nikamwambia usiguse, nakuja.

Nimefika naiwasha, nakuta antivairasi ya majaribio ya siku 30 inachomoza kila saa inataka kulipiwa, magemu, programu ya kutunza mafaili mtandaoni, na vingine hata jina halieleweki, na vyote vinajiapdeti kwa nyuma kimyakimya. Na hii mashine ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB na diski ya kutunzia vitu ya 64GB, yaani kile kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wanakitaka kwa Windows 11. Hapo nafasi ya mwenye mali iko wapi jamani?

Hizi programu haziji kwa bahati mbaya, kampuni zake zinawalipa watengenezaji ili ziwekwe humo. Wao wanalipana huko, anayebeba mzigo ni binti wa Mbagala anayeunga bando la buku. Hilo ndo linaloniuma.

Na siyo uzito tu. Mwaka 2014 Lenovo waliuza laptopu zenye kitu kinaitwa Superfish, kinachomeka matangazo kwenye kurasa unazofungua, na ili kiweze hivyo kiliweka cheti chake cha usalama ambacho ufunguo wake ulikuwa uleule kwenye mashine zote, kwa hiyo aliyeupata angeweza kujifanya hata tovuti ya benki yako na kompyuta ikamwamini. Ikafumuka Februari 2015, serikali ya Marekani ikawaambia watu wakiondoe, na 2017 Lenovo wakamalizana na mamlaka za huko.

Tukaanza kufuta. Settings, Apps, kisha Installed apps, moja moja. Ile antivairasi ilipotoka tukarestati na kuhakikisha Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, imeamka, maana hiyo huwa inajizima ikiona antivairasi nyingine. Vyenye majina ya Intel, AMD na Realtek, vile vinavyoendesha vifaa vya ndani ya mashine, tuliviacha kabisa, ukifuta hovyo hapo unakuja kutafuta sauti au Wi-Fi huioni. Zilizobaki tukazizuia zisijiwashe zenyewe, ile hotspoti tukaiwekea alama ya Metered ili Windows ijue hii intaneti inanunuliwa kwa kipimo. Saa moja hivi, mashine ikawa nyingine.

Sasa kuhusu fundi. Laptopu iliyokuja na Windows halali, tangu enzi za Windows 8, ufunguo wake, yaani ile namba ya leseni, kwa kawaida umo ndani ya madabodi. Hata ukilazimika kupiga upya, chukua Windows ya Microsoft wenyewe, flashi ya 8GB inatosha, weka toleo lilelile, ukiunga intaneti inajitambua kuwa ni halali. Ila mafundi wengi wanakufutia ile halali uliyoilipia wanakuwekea ya kukraki, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni, na ile kraki yenyewe hujui imebeba nini ndani, na bado umemlipa. Nasema hivi nikiwaheshimu mafundi, wapo wazuri sana, lakini hili hapana, mnawaumiza watu.

Na nyie wauza laptopu, mteja anahesabu noti mbele yenu, kuna ugumu gani kumwambia kaa hapo dada nikutolee haya madude kabla hujaondoka? Nikipata duka la hivyo Kariakoo ndugu zangu wote nawapeleka hapo, nikianza na binamu yangu anayetaka kununua mwezi ujao.