Rangi ya kitufe cha "Kubali"

Fungua kwa simu tovuti ya nyumba ya wageni ya Nyali, Mombasa, au ya duka la leso la Barabara ya Biashara, na huenda hata kabla hujaiona bei ukakuta tangazo la vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu au kompyuta yako) limeziba nusu ya kioo. "Kubali vyote" imepakwa kijani, herufi nene. "Kataa" ni ya kijivu hafifu, au haionekani kabisa mpaka uingie kwenye "Mipangilio". Mistari michache ya CSS, lugha ya kupanga sura ya tovuti, imekwisha kukuchagulia jibu.

Wenye tovuti wana hoja nzito. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari, ili tovuti iweze kumkumbuka mteja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mwenye nyumba ya wageni anayelipia matangazo anataka kujua ni lipi lililomletea mgeni na lipi lililomlia pesa bure. Vitufe vikilingana, wengi watakataa. Msimu wa watalii ukiwa mbaya, kukosa habari hizo ni hasara ya kweli.

Hata hivyo, ridhaa iliyopatikana kwa kukififisha kitufe cha pili siwezi kuiita ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka mtu akubali waziwazi, kwa hiari, akijua anachokubali. Nchini Ufaransa, Januari 2022, mamlaka ya kulinda data, CNIL, ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 kwa sababu kukataa vidakuzi kulihitaji hatua nyingi kuliko kuvikubali. Fundi wa tovuti wa Mombasa naye aweke vitufe viwili vya ukubwa mmoja na rangi moja, vyote mahali pamoja, na vidakuzi vya matangazo visianze kazi hadi mtu abonyeze "Kubali". Hasara ya mwenye biashara inapunguzika: idadi ya wanaotembelea tovuti huweza kuhesabiwa kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti) bila kidakuzi, na anayepokea simu za wageni anaweza kuwauliza wamepajuaje.

Upande wa watumiaji nao una makosa yake. Wapo wanaoweka programu ya kuficha tangazo lile, wakaamini wamekataa. Amri ya CSS ya kuficha, "display: none", huliondoa tangazo machoni tu; kama tovuti ilikwisha kuweka vidakuzi, vipo palepale. Wengine hufuta vyote kila mara kwenye simu zao wenyewe, kisha wakachoshwa na kuombwa nywila upya, ilhali ingetosha kuzuia vile vya kampuni za matangazo.

Kwenye saiba mambo ni mengine kabisa. Ukiondoka bila kutoka kwenye akaunti, kidakuzi kinachokutambulisha huweza kubaki kwenye kompyuta, na atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako akasoma barua pepe zako bila kuulizwa nywila. Huko, toka kwenye akaunti, ufute vidakuzi vyote, ndipo ulipe.