Kidato cha Ngapi?

"Za kidato cha ngapi?"

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa Jumamosi iliyopita baada ya kuuliza, kwa adabu zote nilizofundwa nyumbani, kama kuna riwaya mpya za Kiswahili. Lilikuwa duka la vitabu, si duka la sare za shule. Kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote. Nyuma yake rafu zilikuwa zimepangwa zikapangika: juu kidato cha kwanza na cha pili, katikati cha tatu na cha nne, chini kabisa, karibu na ndoo ya kudekia, cha tano na cha sita. Nikamwambia, "Nataka za kusoma mwenyewe." Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akaona mvi mbili tatu na mfuko wa dagaa, uso ukamchangamka. "Aah, mwalimu! Karibu, mwalimu wangu."

Mimi ni mhasibu. Sijawahi kushika chaki tangu nilipokuwa kiranja wa darasa la sita. Lakini nimegundua kuwa katika mji huu mtu mzima akishika riwaya ya Kiswahili hana njia ya tatu: ama ni mwalimu, ama anarudia mtihani.

Nilitoka mikono mitupu, nikaenda kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandika turubai lake kando ya barabara. Pale nikampata Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, elfu tano, nikabembeleza mpaka elfu tatu. Nakala yangu ya zamani niliiazimisha mwaka 2016, na aliyeiazima anajijua, tunasalimiana kila Jumapili. Hii niliyoipata ilikuwa imepita mikononi mwa mwanafunzi fulani mwenye kalamu ya bluu, rula na nidhamu ya kutisha. Nimeisoma wiki nzima nikiwa naye begani.

Zakaria anamshushia kipigo binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mimi nimeshika shavu, moyo unanidunda, na pembeni mwenzangu ameandika: "Dhamira: malezi mabaya." Zakaria anakunywa pombe: "Ulevi, hoja ya 2." Regina, mama wa watu, anavumilia yasiyovumilika: "Nafasi ya mwanamke, mtu duni (kitatoka!!)." Na mwishoni, kwenye karatasi tupu, hukumu imetolewa kwa herufi kubwa: "KUFAULU KWA MWANDISHI: amefaulu kimaudhui. KUTOFAULU: ametumia lugha kali isiyofaa kwa rika zote." Kezilahabi alikuwa hajatimiza hata miaka 30 kitabu hiki kilipotoka mwaka 1971, na watu wanakizungumza mpaka leo, lakini mtoto wa kidato cha nne ameshamkata maksi.

Simlaumu mtoto. Ndivyo alivyofundishwa, nami ndivyo nilivyofundishwa. "Fasihi ni kioo cha jamii. Thibitisha kauli hii kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma." Nani kati yenu hajawahi kulithibitisha hilo? Hoja tatu kitabu cha kwanza, hoja tatu kitabu cha pili, utangulizi, hitimisho, kaa chini. Kwa miaka yote ya sekondari hakuna aliyewahi kuniuliza kama kitabu kimenifurahisha au kimenikera. Hakuna aliyeuliza kama nililia. Kitabu kilikuwa mbuzi wa kuchunwa: fani huku, maudhui kule, wahusika bapa waning'inizwe upande huu, duara upande ule, na nyama yenyewe hakuna aliyeila. Wenzangu wengi hata mbuzi hawakumwona. Walisoma uchambuzi uliotolewa fotokopi, desa la kurasa nane, wakapata B. Waulize leo riwaya ya Takadini inaishaje. Watakutajia dhamira.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tumewafanya watoto waamini kwamba riwaya ya Kiswahili ni dawa ya kunywa kwa muda maalumu, na ukishapona, yaani ukishapata cheti, unaacha. Kisha mtu akifika miaka 35 tunamsimanga kwamba hasomi. Kuna ule msemo wa kipuuzi, mmeusikia, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye maandishi. Wanaoupenda kuusema huusema kwa Kiingereza, kwenye semina, baada ya chai na sambusa. Waambieni waingie kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa saa nne waone watu wanavyolia kudai "sehemu ya 15". Dada anayenisuka analipa kwa simu kila wiki ili atumiwe mwendelezo wa hadithi moja ya mke mwenza na nyoka. Anasoma akiwa ameshika rasta zangu kwa mkono mmoja. Hiyo hadithi imeandikwa bila mkato hata mmoja, mwandishi hajui "h" inakaa wapi, lakini msomaji yupo na anatoa fedha. Huyo asiyesoma ni nani?

Na kabla ya WhatsApp walikuwepo. Mjomba wangu alikuwa fundi magari na chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la riwaya za kusisimua za Musiba, Mtobwa, Hammie Rajab, Eddie Ganzel. Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, alikuwa ndugu yetu kabisa. Nilisoma kisa kimoja cha Joram Kiango, mpelelezi wa Mtobwa, kisicho na jalada wala kurasa kumi za mwanzo, hivyo nilikaa miaka bila kujua kinaitwaje wala aliyeuawa aliuawa vipi. Nilianzia kwenye kukimbizana. Hakuna mwalimu aliyetuagiza, na mjomba alikuwa darasa la saba. Vitabu vilizunguka gereji nzima mpaka vikanuka oili, na ukichelewesha unafuatwa kwako.

Sasa turudi kwa Rosa, maana ana kichekesho chake. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Maadili, si mnajua. Baadaye marufuku ikaondoka, kikaingia kwenye orodha ya kusomwa. Mama yangu mdogo, aliyesoma enzi za marufuku, anasema walikisoma usiku kwa tochi, zamu kwa zamu, na mpaka leo anakisimulia kama msiba wa jirani: Rosa alifanya hivi, baba yake ndiye aliyemponza, angekuwa mwanangu mimi ningefanya vile. Binti yake alikisoma kihalali kabisa, darasani, mwalimu akiwa mbele. Anachokumbuka ni "hoja ya 2". Basi huwa najiuliza kama huduma bora tunayoweza kuifanyia riwaya ya Kiswahili si kuipiga marufuku yote, kuanzia Januari.

Mwaka 2025 Rosa Mistika imetoka kwa Kiingereza, tafsiri ya Jay Boss Rubin, Yale University Press. Imechukua zaidi ya miaka 50, lakini imetoka, na huko iko mikononi mwa watu wazima wanaoisoma kwenye treni kwa sababu wameitaka. Hakuna anayewauliza kidato. Nafurahi kwa ajili ya marehemu Kezilahabi, na naona wivu, yote mawili kwa pamoja.

Haya, nitoe haki. Najua bila orodha ya shule wachapishaji wengi wangeshafunga milango na kuuza maandazi. Najua mtoto wa kijijini ambaye nyumbani hakuna karatasi zaidi ya kalenda ya chama humkuta Shaaban Robert kwa mara ya kwanza darasani, au hamkuti kabisa. Mimi mwenyewe Kusadikika nililazimishwa, na nashukuru nililazimishwa. Nimekubali, msinichoshe. Lakini chakula cha mgonjwa kikigeuka kuwa chakula pekee kinachopikwa nyumbani, wazima watakula wapi? Mwandishi naye si mjinga. Akijua mlango ni mmoja, ataandika kitabu kinachopita kwenye mlango huo: kurasa 120, mhusika mwema anayeitwa Subira, mbaya anayeitwa Tamaa, UKIMWI sura ya tatu, rushwa sura ya tano, na mwisho wananchi wanashangilia. Mtu mzima mwenye mume, deni la benki na mawazo machafu ya saa nane usiku hana kitabu chake humo.

Wakenya msicheke. Nyie pia Utengano na Siku Njema mmeziweka kwenye mwongozo wenye maswali na majibu.

Niseme nilichosoma karibuni maana nimeahidi watu wawili watatu. Nimerudia Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeshangaa kila kitu. Mambo mengine yamechakaa, hasa jinsi wanawake wanavyotazamwa, lakini Kiswahili chake ni cha kutafunwa taratibu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliirudia baada ya kuiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Filamu ni nzuri. Kitabu ni kizuri zaidi, na sitabishana.

Na nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Hiki nimekisoma kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, siku nne, asubuhi na jioni. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi alinichungulia akaniuliza, "Mwanangu, una mtihani lini?" Nikamwambia, "Sina mtihani, mama, najiburudisha tu." Akanionea huruma waziwazi. "Mungu atakusaidia, utapita." Baadaye, kwa sababu foleni haikuwa inasogea, akataka nimsimulie. Nikamweleza habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayepandishwa treni na mfanyabiashara anayemwita ami, kumbe si ami wala nini, baba ana deni na mtoto ndiye rehani. Mama yule akaketi juu ya kindoo chake. "Na baba yake alijua?" Alijua, mama. "Na mama yake?" Tulivuka tukiwa tumesimama ubavuni kwa ubavu, nikimsomea pale ambapo Ma Ajuza anamtamani Yusuf dukani hadharani, naye anacheka mpaka ndizi zinacheza. Upande wa pili alichukua beseni lake akaniambia kesho nije saa ileile. Hakuuliza dhamira.

Lakini hebu tuhesabu. Gurnah kazaliwa Unguja mwaka 1948, kakulia kwenye Kiswahili. Paradise, ndiyo Peponi yenyewe, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Sisi tulikuwa tumelala. Akapata Nobeli mwaka 2021, ndipo tukaamka, tukapigana vikumbo kuthibitisha kwamba ni wetu, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikatoka Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku Paradise inachapishwa alishaoa. Namshukuru mfasiri kwa dhati, kazi ameifanya; nilipokuwa nawasikia Yusuf na mwenzake wa duka la ami wakitaniana kwa Kiswahili nilihisi kama wamerudi nyumbani na kuvua viatu. Ila miaka 28, jamani!

Kwa hiyo nikiulizwa nasubiri kitabu gani kipya, jibu ni moja. Mwezi Machi 2025 Gurnah ametoa Theft, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Nobeli. Karim, Fauzia na Badar, vijana wa Unguja na Dar es Salaam, watu wa rika langu hasa, si wa enzi za Wajerumani kama Yusuf. Nimeisoma kwa Kiingereza na nimeipenda kwa kinyongo, kwa sababu kila walipofungua midomo nilijua kwamba haya waliyasema kwa lugha nyingine. Nataka kumsikia Badar akiamrishwa jikoni kwa Kiswahili. Sitaki kusubiri mpaka mwaka 2053.

Nasubiri pia washindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tangu mwaka 2023 tunapigiwa makofi kila tarehe 13 Aprili, nami napiga pia, kwa moyo. Inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Naam, ileile ya mitaala. Sisemi neno.

Jana nilirudi duka lilelile. Sijui kwa nini, ukaidi tu. Kijana alinikumbuka, "Mwalimu, shikamoo." Nikaitikia marahaba maana nimechoka kubisha. Nikamweleza habari za Theft, kwamba ikitoka kwa Kiswahili, mwakani au lini, anipigie. Alisikiliza vizuri, akatoa daftari la oda, akaandika jina langu na namba ya simu kwa mwandiko safi.

"Nakala ngapi, mwalimu? Darasa lina wanafunzi wangapi?"

"Moja," nikasema.

Akafikiri kidogo. Nilipochungulia kabla hajafunga daftari, mbele ya jina langu palikuwa pameandikwa: 1 (ya mwalimu).