Hekalu la Salt Lake: Msingi Umeokolewa, Michoro Imepotea

Ukilitazama Hekalu la Salt Lake pale Utah, Marekani, la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), macho hupanda juu yenyewe, kwenye minara sita na malaika wa dhahabu. Lakini atakayelielewa jengo hili ni yule anayeanzia chini. Mara mbili katika historia yake, mwaka 1862 na tena baada ya 2019, wenye hekalu walikubali kwamba msingi haufai na wakaurudia. Mara zote mbili walifanya jambo la busara. Shida yangu na ukarabati wa sasa iko vyumbani, kwenye michoro ya ukutani.

Brigham Young, kiongozi wa Kanisa, alichagua kiwanja Julai 28, 1847, siku nne tu baada ya kuingia bonde la Salt Lake. Mawe ya pembe yaliwekwa Aprili 6, 1853, na Wilford Woodruff, rais wa Kanisa wakati huo, akaliweka hekalu wakfu Aprili 6, 1893. Miaka 40 kamili. Mwaka 1852 walijadili hata kulijenga kwa matofali ya udongo, na Young mwenyewe aliyatetea akiamini kuwa yangezidi kuwa magumu kadiri miaka inavyopita. Ashukuriwe aliyeligeuza wazo hilo.

Msingi wa kwanza ulijengwa kwa mawe ya mchanga. Mwaka 1858, jeshi la serikali ya Marekani lilipokuwa linakaribia bonde, waliufukia na kuulima juu ili uonekane kama shamba la kawaida. Walipokuja kuufukua waliona nyufa. Sababu anaijua fundi mwashi yeyote: vijiwe vidogo vya kujazia na chokaa nyingi katikati. Ukuta mzito unataka jiwe likae juu ya jiwe. Chokaa ikiwa nene hubonyea, mzigo wote unaangukia sehemu chache zilizogusana, na jiwe lililo hapo linapasuka. Young, ambaye alitaka jengo lidumu hadi Milenia, yaani miaka elfu ya utawala wa Kristo, aliamuru mawe mabovu yang'olewe. Yaliyofuata yalichongwa yabanane vizuri.

Kuanzia hapo waligeukia graniti ya Little Cottonwood Canyon, yapata kilomita 32 kusini-mashariki. (Wanajiolojia huliita jiwe hilo kwazi monzonaiti; mafundi hawakujali.) Hawakuhitaji kulipua mlima, kwa sababu chini ya korongo palikuwa na majabali makubwa yaliyokwisha kuporomoka. Walitoboa mstari wa matundu kwa tindo na nyundo, wakapigilia kabari za chuma moja baada ya nyingine kwa nguvu sawa, mpaka jabali lipasuke kwa kufuata mstari. Ukiharakisha kabari moja, ufa unakwenda unakotaka wenyewe na jiwe limeharibika. Kisha maksai walilikokota jiwe hadi mjini, safari ya siku tatu au nne. Reli ilipofika korongoni mwaka 1873 kazi ilichangamka.

Truman O. Angell, msanifu aliyebeba kazi hii kwa muda mrefu zaidi, alikuwa seremala kwa asili. Mwaka 1856 Young alimtuma Ulaya akatazame majengo. Alifariki mwaka 1887 kabla ya kuona mwisho, na Joseph Don Carlos Young akamalizia. Kuta zina unene wa futi 9 chini na futi 6 juu, na mnara wa kati wa mashariki unafikia futi 210. Minara mitatu ya mashariki, inayowakilisha Ukuhani wa Melkizedeki, ule wa juu katika Kanisa, ni mirefu kidogo kuliko ile ya magharibi ya Ukuhani wa Haruni, ule wa chini. Kwenye nguzo za nje utaona mawe ya dunia karibu na ardhi, juu yake miezi katika hatua zake mbalimbali, kisha majua. Michongo hiyo ni ya mistari rahisi kuliko ile ya hekalu lao la awali la Nauvoo, Illinois, ambako jua lilikuwa na uso wa mtu. Naona jiwe lenyewe lilichangia: jiwe la chokaa la Nauvoo lilikubali pua na mashavu, lakini graniti yenye chembe kubwa hukatalia tindo kazi ya namna hiyo. Mimi naupenda zaidi ukavu huu wa Salt Lake.

Kasoro ya ukuta huo mnene ni kwamba hauna nondo. Uzito wa kwenda chini unaubeba bila taabu, ila ukisukumwa ubavuni hauna cha kuushikilia zaidi ya uzito wake. Na mji uko kando ya ufa wa Wasatch, mpasuko wa ardhi unaoweza kuleta matetemeko. Hekalu lilifungwa Desemba 29, 2019 ili liimarishwe, na Machi 18, 2020 likaja tetemeko la kipimo cha 5.7. Malaika Moroni wa kileleni, sanamu ya shaba iliyofunikwa dhahabu ya Cyrus Dallin, alidondosha tarumbeta, na mawe kadhaa ya vilele yakasogea. Hilo lilikuwa tetemeko la wastani tu.

Mwezi Mei sanamu ilishushwa pamoja na lile jiwe la kilele lililowekwa Aprili 6, 1892. Ndani yake palikuwa na sarafu zilizozamishwa kwenye zege, na vitabu vilivyokwisha kuharibiwa na unyevu. Ni funzo kwa yeyote anayepanga kufukia kumbukumbu kwenye ukuta: zege mbichi ina maji, na karatasi iliyofungiwa nayo haina pa kupumulia.

Kazi ya chini ndiyo inayostahili heshima. Udongo ulichimbwa kuzunguka jengo lote. Mabomba ya chuma yakasukumwa kwa jeki kwa ulalo, chini ya msingi wa zamani, udongo ukitolewa ndani yake, kisha yakajazwa nondo na zege. Msingi wa kale ukapata kitako kipya, na kati ya kitako hicho na ardhi vikawekwa vitenganishi 98. Ardhi ikitikisika, sehemu ya chini ya kitenganishi inakwenda nayo, na ya juu inabaki nyuma na kurudi taratibu, ili jengo lipate sehemu ndogo tu ya mtikisiko. Ndiyo sababu lazima pabaki nafasi tupu pande zote, na kila bomba la maji linaloingia liwe na kiungo kinachopinda. Bomba moja gumu likisahaulika, litakatika siku hiyo. Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kuhamisha mzigo. Kona moja ikishuka milimita chache kuliko nyingine, ukuta usio na nondo unapasuka. Minarani nako walitoboa mawe kutoka juu na kupitisha nyaya za chuma zilizokazwa, ili kile ukuta ulichokosa tangu 1853 kiingizwe ndani bila kuonekana.

Sasa vyumbani. Mwaka 1890 Kanisa liliwatuma John Hafen, Lorus Pratt na John Fairbanks huko Paris wakasomee uchoraji, na Edwin Evans akawafuata. Waliporudi walichora bustani na ulimwengu kwenye kuta za vyumba ambavyo waumini walivipitia kimoja baada ya kingine wakati wa endaumenti, ibada ya hekaluni ya mafundisho na maagano. Machi 2021 ikatangazwa kwamba michoro hiyo imeondolewa, na kwamba ibada iliyoigizwa na watu itakuwa ya filamu. Picha za kina zilipigwa, vipande vikahifadhiwa.

Hoja ya filamu naikubali. Waigizaji walitumia Kiingereza tu, na filamu inapatikana kwa lugha zaidi ya 80. Hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 18, 2025, lina karibu futi za mraba 20,000 dhidi ya 253,000 za Salt Lake. Bila filamu, majengo madogo kama hayo yasingewezekana. Lakini kubadili ibada si lazima kubandue kuta. Kwa Manti, hekalu jingine la Utah la 1888, tangazo lilelile lilisema michoro ya mchoraji Minerva Teichert ya 1947 ingetolewa. Watu wakalalamika, na Mei 1, 2021 uongozi ukageuza uamuzi: michoro ikabaki, na hekalu jipya likapangwa Ephraim, jirani tu. Kwa Salt Lake malalamiko yalikuta kuta tupu. Waliochukua miaka kuhamisha mzigo wa mawe milimita kwa milimita wangeweza kungoja miezi miwili.

Milango itafunguliwa kwa watu wote kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027. Baada ya kuwekwa wakfu upya, ni waumini wenye kibali tu watakaoingia. Ukibahatika kufika, simama kwanza nje, upande wa magharibi, utafute nyota za Dubu Mkubwa zilizochongwa kwenye mnara wa kati. Ukiingia, muulize mwongozaji vyumba vya bustani na ulimwengu vilikuwa wapi.