Gambuti za kazi na viatu vya matembezi: daktari wa mifugo ugenini

Kadi anayojaza abiria anapoingia Australia ina swali moja linalomgusa daktari wa mifugo kuliko abiria mwingine yeyote. Linauliza kama katika siku 30 zilizopita umekuwa karibu na mashamba, wanyama wa kufugwa, maeneo ya pori, au mito na maziwa ya maji baridi. Daktari aliyezalisha ng'ombe juzi na kupanda mlima jana anaweka alama ya "ndiyo" mara moja, kwa mambo yote mawili. Afisa wa karantini hajali kama tope lililoganda kwenye soli lilitoka zizini au njia ya mlimani. Kwake tope ni tope.

Nalipenda swali hilo kwa sababu limewaelewa watu hawa kuliko wengi wanaowajadili. Ukianza tu kuzungumzia madaktari wa mifugo wanaofanya kazi nchi za watu, hukawii kusikia kwamba wengi wao, vijana hasa, wamefuata utalii na kazi ni tiketi tu ya ndege. Picha zao hutolewa kama ushahidi: Jumamosi hii yuko chini ya maporomoko ya maji, ijayo yuko kileleni, na baada ya mwaka mmoja au miwili ameshafunga begi huku mwenye kliniki akitangaza nafasi ile ile upya.

Lawama hiyo ina msingi wake. Mwajiri anayemleta mgeni hubeba mzigo wa viza na karatasi, kisha humvumilia miezi ya mwanzo anapojifunza majina mapya ya dawa, sheria za kuandikisha dawa za usingizi, na siku ngapi maziwa yamwagwe baada ya sindano fulani. Mgeni akiondoka siku aliyoanza kuwa na manufaa, hasara ni ya mwajiri. Wenzake wa hapo hapo, wenye watoto na wazazi wa kuangalia, nao hunung'unika kwamba zamu za mwisho wa wiki zinawaangukia wao kwa sababu kijana ameomba siku nne mfululizo akaone barafu.

Hoja nzito zaidi ni ya mfugaji. Afya ya kundi haisomwi kwa ziara moja. Ng'ombe wanaochechemea kila msimu wa matope, au ugonjwa wa kiwele unaorudi katika zizi lile lile, hutambuliwa na mtu aliyekuwepo mwaka juzi na anayekumbuka kilichofanyika. Daktari anayebadilika kila mwaka anamtibu ng'ombe aliyelala mbele yake, na kundi linabaki halina daktari. Hapo sina ubishi.

Ila hesabu ya upande wa pili huwa haifanywi. Tuanze na mlango wenyewe. Daktari aliyesoma nje ya vyuo vinavyotambuliwa na Marekani, akitaka kufanya kazi huko, njia mojawapo kuu ni hii: apitie mpango wa chama cha madaktari wa mifugo wa nchi hiyo. Atathibitisha Kiingereza chake, atafanya mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa vitendo wa siku 3 wenye sehemu 7: upasuaji, ganzi, farasi, mifugo ya chakula, tiba ya wanyama wadogo, picha za eksirei, na uchunguzi wa mzoga. Juu ya hayo kuna mtihani wa leseni wenye maswali 360, ambao hata wazawa hufanya. Mtu anayetaka kupiga picha kwenye bonde la Yosemite ana njia nyepesi zaidi ya kufika huko, inayoitwa likizo.

Akishaingia, siku zake za mapumziko hazilingani na za mfanyakazi wa benki. Uingereza kwa mfano, kanuni za maadili za chombo kinachosajili madaktari wa mifugo zinamtaka kila daktari wa kliniki ahakikishe huduma ya kwanza ya dharura na ya kupunguza maumivu inapatikana saa 24. Kwa hiyo kuna siku za aina mbili. Kuna siku asiyokwenda kazini lakini simu iko mfukoni, na kuna siku ambayo simu imezimwa kweli. Mtazamaji wa picha hazitofautishi. Ile ya kwanza humfunga ndani ya duara la dakika kadhaa kutoka kliniki: anaweza kufua nguo na kununua mboga, lakini hawezi kuvuka bonde. Ile ya pili, ambayo wiki nyingine haipo kabisa, ndiyo pekee anayoweza kwenda nayo mbali. Akiitumia yote kuanzia alfajiri mpaka usiku tunamwita mtalii.

New Zealand inaonyesha jambo hili vizuri. Nchi ile ina ng'ombe wa maziwa wanaokamuliwa karibu milioni 4.7, na kwa kuwa wanategemea majani ya malishoni, wafugaji hupanga mimba ili wengi wazae kwa pamoja baridi inapokwisha, kuanzia Julai hadi Septemba hivi. Kwa wiki hizo kliniki za vijijini huhitaji mikono kuliko wakati wowote. Ndama amekaa vibaya tumboni, ng'ombe ameanguka kwa homa ya maziwa na anangoja dripu ya kalsiamu, kondo la nyuma limekwama, na yote hayo kabla jua halijachomoza. Sasa mchukue daktari aliyewekwa Invercargill, kusini kabisa, ambaye tangu shuleni ana picha ya Milford Sound, ghuba mashuhuri la watalii, ukutani. Ni zaidi ya kilomita 270 kwenda tu, kipande cha mwisho kikipita katikati ya milima na ndani ya handaki la Homer, na sehemu kubwa ya barabara hiyo kwa miaka mingi haikuwa na mtandao wa simu. Miezi ng'ombe wanapozaa ndiyo miezi ambayo barabara hufungwa kwa hatari ya maporomoko ya theluji. Msimu wa kazi yake na msimu wa kufungwa kwa njia vinakwenda pamoja. Akifika Milford mwezi wa Desemba, ujue ameingoja tangu Julai.

Tarakimu zinazonisumbua zaidi, hata hivyo, ni za Uingereza. Mwaka 2019 madaktari wa mifugo 1,132 kutoka Umoja wa Ulaya walijisajili huko. Mwaka 2021 walikuwa 364. Zaidi ya theluthi mbili walikatika ndani ya miaka miwili. Wengi hutaja tarakimu hizo kisha hupita, kana kwamba zinajieleza. Mimi naona zinataka kukaliwa kidogo.

Kwanza, korona ina mchango wake, maana 2021 safari zilikuwa bado zimevurugika, na anayeitwisha siasa ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya peke yake mzigo wote anapunja ukweli. Pili, tazama kisichobadilika. Mishahara haikushuka kwa theluthi mbili. Kazi ndiyo kwanza iliongezeka, kwa sababu watu waliofungiwa majumbani walichukua mbwa na paka kwa wingi. Kama madaktari hawa walikuwa wakifuata pesa peke yake, mvuto ulikuwepo bado, na pengine mkubwa zaidi. Kilichobadilika ni gharama ya kujaribu. Kabla ya tarehe 31 Desemba 2020, daktari wa Hispania au Romania alikuwa na cheti kinachotambuliwa moja kwa moja chini ya sheria za Ulaya, na hakuhitaji viza. Angeweza kusema, "Niende mwaka mmoja nione." Baada ya hapo alihitaji mwajiri wa kumdhamini kabla hajaiona nchi yenyewe.

Naamini waliopotea kwa wingi ndani ya ile tofauti ya 768 ni watu wa aina hiyo, wa "niende nione". Ndio hao hao wanaokejeliwa kuwa watalii. Lakini mtu anayehamia nchi ya watu hadi uzeeni aghalabu hakuanza kwa kiapo. Alianza kwa mwaka mmoja, akaipenda sehemu, akaongeza wa pili. Na hiyo sehemu aliipenda lini? Sidhani ni saa nane za usiku, mkono ukiwa ndani ya ng'ombe hadi begani. Aliipenda Jumapili, akiwa na ramani na mkate.

Machinjioni hali ni ya kufikirisha zaidi. Zaidi ya tisa kati ya kila madaktari kumi wanaosimamia machinjio ya Uingereza walisomea nje ya nchi hiyo. Kazi yao ni kuwakagua wanyama kabla ya kuchinjwa, kuona kama kuna anayechechemea, mwenye homa au aliyeteswa safarini, kisha kukagua ini, mapafu na tezi. Bila idhini yao nyama haitoki. Ni kazi ya baridi na kelele, na wazawa wengi waliosomea udaktari kwa ajili ya kutibu hawaitaki. Sasa mgeni ameichukua, na wiki nzima anatazama mizoga ikipita kwenye ndoano. Ukimwonea kijicho Jumapili yake ya kwenda kuona mawe ya Stonehenge, umembakishia nini?

Nina sababu nyingine ya kuwatetea, na hii si ya mzaha. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa madaktari wa mifugo huwa takriban mara tatu hadi nne ya kiwango cha watu wote. Sababu zinazotajwa ni nyingi: saa ndefu, upweke wa kazi, dawa za hatari zilizo mkononi, kuzoea kukatisha uhai ili kuondoa maumivu. Mgeni ana upweke wa ziada. Hana ndugu wa kumpitia jioni na wala hana lugha ya utani. Kwake kutoka nje, kupanda basi na kukaa ufukweni na watu asiowatibia wanyama ni kinga, kama tunavyochanja kabla ugonjwa haujaingia.

Mwaka 2001 ulionyesha kinachotokea njia zote zinapofungwa. Mwezi Februari mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nguruwe katika machinjio ya Essex, na ulipoisha Septemba ulikuwa umethibitishwa kwenye mashamba 2,026 ya Uingereza na wanyama zaidi ya milioni sita wameuawa. Madaktari waliitwa kutoka Australia, New Zealand, Marekani, Kanada na kwingineko. Eneo lililopigwa vibaya kuliko yote lilikuwa Cumbria, ambako ndiko kuna Lake District, milima na maziwa ambayo watu huvuka bahari kuja kuyaona. Wageni hao wakawa wanaishi katikati ya mandhari mashuhuri na kazi yao ni kuua kondoo kuanzia asubuhi hadi jioni, huku njia za miguu zimefungwa kwa kamba na vibao. Utalii ulipata hasara ya mabilioni ya pauni, ikikaribia ile ya kilimo, ndipo wengi walipotambua kwamba shamba na matembezi vinaishi nyumba moja. Wafugaji wanaowaona watembeaji kama kero walikuwa wakiuza chai na vitanda kwa watu hao hao.

Sasa nigeukie nchi inayomsomesha daktari miaka mitano au sita kisha ikamwona akipanda ndege. Hasara hiyo ni ya kweli, hasa pale madaktari walipo wachache na magonjwa ni mengi. Ila tusichanganye mashtaka. Mtu yule yule hawezi kulaumiwa kwao kwa kuondoka moja kwa moja, na huko alikokwenda kwa kukaa kidogo mno. Kama anarudi baada ya miaka miwili, amerudi na mikono iliyozalisha mamia ya ng'ombe. Kama harudi, basi ile hoja ya mwajiri kwamba hawakai imekufa.

Kwa hiyo swali la maana kwangu liko kwenye mkataba. Mwajiri anayetaka watu wakae aache kuweka picha za milima kwenye tangazo la kazi kisha akapanga zamu zisizomruhusu mtu kuiona. Aandike ni wikiendi ngapi kati ya nne zina zamu, na ni siku zipi simu inazimwa kabisa. Mgeni naye asiibe wikiendi za wenzake: akitaka siku nne mfululizo, atoe nne za sikukuu ambazo mwenye watoto anazililia, na biashara hiyo hukubalika haraka. Aoshe gambuti zake, azitie dawa, na viatu vya matembezi avitenge na vya zizini.

Na kabla hajaweka sahihi, aulize jambo moja ambalo wengi huona aibu kuliuliza kwenye usaili: siku ya zamu natakiwa nisiwe mbali na kliniki zaidi ya dakika ngapi? Akijibiwa 20, achukue ramani, achore duara, aone ndani yake kuna nini.