Setilaiti ni tarishi tu

Habari moja inasema joto la bahari kwenye kina kirefu "linapimwa na setilaiti". Hapana, setilaiti huona uso wa bahari tu. Hapa inapokea ujumbe. Anayepima ni boya la Argo, mtandao wa dunia wa maboya-roboti ya kupima bahari: huelea kwenye mita 1,000, kila baada ya siku kama 10 hushuka hadi 2,000, kisha husukuma mafuta kwenye mfuko wa nje. Ujazo ukiongezeka bila uzito kubadilika, linapanda huku likipima. Pampu inayopitisha maji kwenye kihisi huzimwa zikibaki kama mita 5 kufika juu, isivute uchafu wa juu. Kasheshe ni chumvi: ute wa viumbe ukiganda ndani ya mrija wa kupimia, chumvi husomeka pungufu. Kwa mabadiliko madogo, subirini data zilizosahihishwa, si zinazotolewa siku hiyohiyo.