Valvu, transista au transfoma? Ubishi wa priampu ya fono huanzia pasipofaa

Wapenzi wa santuri wanaweza kukubaliana kuhusu pleya, mkono wake na hata spika, lakini ikitajwa priampu ya fono, kile kisanduku kinachokaa kati ya pleya na amplifaya, kikao huvunjika. Kundi moja huapa kwa valvu, zile taa za kioo za kukuzia umeme kama za redio za zamani. La pili hushikilia kuwa transista za kisasa zilishaimaliza kazi hiyo na kilichobaki ni mapambo. La tatu, dogo ila lenye kelele, hutaka transfoma itangulie kila kitu. Hoja wanazo wote. Ila wote hubishania kilichomo ndani ya kisanduku kabla hawajauliza ni umeme gani unaoingia mlangoni.

Kisanduku chenyewe kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza umeme mdogo mno unaotoka kwenye katriji, yaani kichwa chenye sindano kinachosoma santuri. Ya pili ni kurudisha uwiano wa sauti, maana santuri haikatwi kama muziki ulivyo. Besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke ukala nafasi yote, na sauti za juu huongezwa ili zikija kushushwa wakati wa kusikiliza, mkwaruzo wa plastiki ushuke pamoja nazo. Mkunjo wa RIAA (kanuni ya kusawazisha sauti iliyopewa jina la chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani), uliokubaliwa miaka ya 1950, unaitaka priampu ipandishe besi kwa takriban desibeli 20 karibu na hezi 20, na kushusha sauti kwa kiasi kama hicho karibu na hezi 20,000. Kazi ya karibu desibeli 40 kutoka ncha hadi ncha! Vipuri vikikosea nusu desibeli tu, na kosa lenyewe likatanda juu ya masafa mapana, sikio litalipokea kama tabia ya mashine. Sitashangaa kama sehemu ya ule unaosifiwa kuwa utamu wa valvu ni mkunjo uliopinda kidogo.

Ubishi una mgawanyiko mwingine pia: wanaotanguliza vipimo na wanaotanguliza masikio. Wa vipimo wamesimama pazuri, hasa kwenye katriji za MM (moving magnet), zile ambazo sumaku ndiyo inayotikisika na koili zimetulia. Hizi hutoa milivolti 3 hadi 6 na hutaka mzigo (ukinzani ambao katriji inakutana nao kwenye mlango wa priampu) wa kiloomu 47, na wanunuzi wengi huishia kusoma hapo. Lakini koili zake ni kubwa, na zikiungana na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya kebo na ya priampu yenyewe huzaa resonansi, yaani kilele cha sauti mahali pamoja, ndani ya masafa tunayoyasikia. Tuseme katriji ina indaktansi (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya umeme) ya henri 0.5. Ikikutana na pikofaradi 200, kilele hukaa karibu na kilohezi 16, ambako wengi hawatakihisi. Zikifika pikofaradi 400, kilele hushuka hadi kilohezi 11 hivi, na matoazi huanza kukera. Mwenye mashine atailaumu priampu, atabadilisha valvu, pengine atauza kila kitu, kumbe dawa ilikuwa kebo fupi zaidi.

Kwenye MC (moving coil), ambako koili ndogo ndizo zinazotikisika, hesabu hugeuka. Kapasitansi haisumbui tena. Kinachosumbua ni udogo wa umeme. Denon DL-103, katriji ya miaka ya 1960 ambayo bado ina wafuasi wake, hutoa milivolti 0.3 na koili yake ina omu 40. Ukuzaji wa desibeli 40 unaoitosha MM hautoshi hapa. Unahitaji 60 au zaidi, yaani mara elfu moja kwenda juu. Kila kelele inayozaliwa kwenye hatua ya kwanza ya priampu nayo hukuzwa mara hizo hizo. Na hapo valvu hupata taabu: ikipewa milivolti 0.3 moja kwa moja, kelele yake ya "shhh" husikika kati ya nyimbo, na mara nyingine hata katikati ya wimbo wa taratibu. Ndiyo maana priampu nyingi za valvu zinazopokea MC huficha transfoma au transista mlangoni. Anayejivunia kusikiliza valvu tupu afungue kifuniko kwanza.

Transfoma ni suluhisho la zamani na kwa maoni yangu bado ni la kiungwana. Ya uwiano wa 1:10 (mizunguko ya waya upande wa kutokea ni mara kumi ya ule wa kuingilia) huongeza desibeli 20 bila kuhitaji umeme wa ukutani, na milivolti 0.3 hufika 3, kiasi ambacho mlango wowote wa MM unakielewa. Lakini haitoi bure. Mzigo ambao katriji inauona ni kiloomu 47 zikigawanywa kwa mraba wa uwiano. Kwa 1:10 ni omu 470. Kwa 1:20 hushuka hadi takriban 117. DL-103 yenye omu 40, ikiunganishwa kwenye hiyo ya pili, hupoteza robo ya umeme wake kabla ya kukuzwa, na sauti hulegea. Katriji yenye omu 5 ingekaa hapo kwa raha. Mtu akisema transfoma fulani "imechangamka" au "imelala" bila kutaja katriji aliyoitumia, hajasema lolote. Zaidi ya hayo, transfoma huvuta mvumo kutoka kwenye mota na vifaa vya umeme vilivyo jirani, na kuigeuza huku na huku kutafuta pembe tulivu ni sehemu ya maisha nayo.

Upande wa pili, wanaosema masikio ndiyo hakimu, nao wasipuuzwe. Makaratasi ya mtengenezaji kwa kawaida hueleza kipimo cha kilohezi 1, na muziki haukai hapo. Kipimo ambacho mara nyingi hukosekana ni jinsi priampu inavyohimili vishindo. Vumbi na mkwaruzo hutoa pigo la ghafla lenye nguvu kuliko muziki, na mashine isiyo na nafasi ya kutosha hulemewa. Mlio ambao ungepita mara moja hubaki masikioni. Ukisikia santuri ileile ikitulia kwenye priampu moja na kutatarika kwenye nyingine, hujajidanganya.

Sikio lakini lina udhaifu wake. Kipya kinyemi, tena mashine inayotoa sauti kubwa kwa nusu desibeli tu itaonekana bora zaidi mbele ya yeyote. Ulinganisho usiosawazisha sauti kwa kipimo hauna thamani, hata ukifanywa na mtu mwenye masikio ya dhahabu. Vivyo hivyo kuhusu kuzungusha kitufe cha mzigo wa MC kutoka omu 100 hadi 1,000: sauti yenyewe hupanda kidogo, na wengi huchukua kupanda huko kuwa uwazi. Mimi huanzia kwenye mzigo wa mara kumi ya ukinzani wa koili, kisha nasikiliza.

Milango ya balansi, inayopokea umeme kwa waya mbili zilizo sawa badala ya waya moja na ardhi, inatajwa sana siku hizi. Kweli katriji, ikiwa na waya mbili kwa kila upande, huingia humo kwa urahisi, na kebo ndefu itapata utulivu dhidi ya mvumo. Kwa kebo ya mita moja isiyovuma, sioni sababu ya kubadilisha mashine.

Kwa hiyo nani achukue nini? Anayebadilisha katriji mara kwa mara anahitaji priampu ya transista yenye vitufe vya ukuzaji, mzigo na kapasitansi vinavyofikika bila bisibisi. Aliyekwisha kuchagua MC moja na hana mpango wa kuiacha, tena tayari ana mlango mzuri wa MM, uwe wa valvu au wa transista, atafaidika zaidi kwa transfoma iliyochaguliwa kwa omu za koili yake. Na mwenye MM nzuri asidharau priampu ya kawaida iliyomo ndani ya amplifaya yake mpaka amepima kapasitansi ya kebo zake.